Kidato cha pili: Lugalo, Kalenga, Mlambalasi na Isimila kwa siku moja, inawezekana?

mwl_historia_mafinga

Wakuu, naombeni msaada wa mpangilio. Tunaandaa ziara ya kidato cha pili, wanafunzi 84, tukitokea Mafinga, kwa ajili ya mada ya upinzani dhidi ya uvamizi wa wakoloni. Rasimu ya mpango ni kuanza Isimila kwa kuwa ipo njiani, kisha Lugalo kwenye mnara wa vita ambavyo Wahehe waliwashinda Wajerumani, kisha Kalenga kuona fuvu la Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyewapinga Wajerumani, na kumalizia Mlambalasi kwenye kaburi. Usafiri ni kosta tatu za viti 28. Kuondoka saa 12 asubuhi, kurudi kabla ya giza.

Maswali yangu: (1) siku moja inatosha? (2) wanafunzi wafanye nini pale Lugalo zaidi ya kupiga picha na mnara? Mwalimu mwenzangu anapendekeza waigize vita, kundi moja Wahehe na jingine Wajerumani. (3) vitu gani huwa vinasahaulika?

dereva_wa_ratiba

Nianze na kosta. 84 gawanya kwa 28 ni tatu kamili, ndiyo maana hesabu imekaa vizuri kwenye karatasi. Walimu watakaa wapi? Kwa eneo lililo kando ya barabara kuu usishuke chini ya mtu mzima mmoja kwa wanafunzi 12, kwa hiyo unahitaji watu wazima saba. Jumla ni 91, na una viti 84. Dawa ni kosta ya nne, au basi kubwa moja pamoja na kosta moja. Usikubali "tutabanana tu, ni watoto", maana trafiki wa kwanza mtakayekutana naye ataimaliza ziara hapo hapo. Gari la kukodi liwe na kibali cha LATRA (mamlaka ya usafiri wa ardhini) cha safari hiyo, na mwombe mwenye gari nakala yake siku tatu kabla, si asubuhi ya safari.

Sasa njia. Lugalo ipo mashariki ya Iringa, barabara ya Morogoro. Kalenga na Mlambalasi zipo upande wa pili kabisa, barabara ya kwenda Hifadhi ya Ruaha. Kwa hiyo lazima mpite mjini mara mbili. Kwa makadirio: Mafinga hadi Iringa kama km 80, Iringa hadi Lugalo kama 25 na kurudi 25, Iringa hadi Kalenga 15, Kalenga hadi Mlambalasi kama 35, kurudi mjini 50, kurudi Mafinga 80. Hiyo ni km 310, na kosta iliyojaa watoto huipigii hesabu zaidi ya wastani wa km 50 kwa saa. Zaidi ya saa sita zinaishia kwenye viti, kabla hujahesabu choo, chakula na kuhesabu watu.

Isimila itoe. Ni eneo zuri mno, lakini ni Zama za Mawe, na korongo lile linataka saa mbili peke yake. Ukiichanganya na Mkwawa, mtoto atarudi nyumbani akiamini Wahehe walipigana kwa mashoka ya mawe. Mlambalasi nayo iwekee siku yake, na kundi dogo.

Lugalo na Kalenga zinaingia hivi:

Saa 12:00 kuondoka. Saa 1:30 hadi 2:15 Iringa mjini, choo. Saa 2:45 hadi 4:15 Lugalo. Saa 5:30 Kalenga, chakula na makumbusho hadi saa 8:30. Shuleni kama saa 10:45 jioni.

Najua utauliza kwa nini choo kimepewa dakika 45. Wanafunzi 84, matundu manne, dakika mbili kila mmoja: ni dakika 42, na hapo hakuna aliyechelewa. Hapa ndipo ratiba nyingi za ziara hufia, si kwenye foleni ya magari. Kama mnaweza kugawanyika kwenye vituo viwili vya mafuta, mnaokoa nusu. Kwa Lugalo panga kana kwamba hamtapata choo kabisa.

Bibi_Makumbusho

Nakubaliana na dereva kuhusu Isimila. Mimi naongezea upande wa Kalenga.

Makumbusho yale ni jengo dogo. Ukiingiza watu 84 kwa mkupuo, walio nyuma wataona visogo vya wenzao na kusikia mwangwi. Gawa makundi manne ya 21, kila kundi dakika 20 ndani. Hiyo ni saa moja na dakika 20 kwa wote. Makundi matatu yaliyo nje yasikae yanasubiri: moja linakula, moja lina kazi ya kuchora ramani, moja lipo na mwalimu linajadili maswali. Mpigie mhifadhi wiki mbili kabla, mwambie idadi na makundi, kisha umkumbushe siku mbili kabla. Malipo ya taasisi za serikali yanakwenda kwa namba ya malipo, hivyo iombeni mapema na mbebe risiti, pamoja na barua ya shule yenye mhuri na idadi ya wanafunzi. Kuanza kutafuta mtandao wa kulipia pale mlangoni na watoto 84 wamesimama juani ni adhabu.

Kuhusu fuvu. Waandaeni darasani kabla. Kuna watoto wataogopa, kuna watakaocheka kwa woga, na kuna ambao kwao yule ni babu, si "kielelezo". Toeni ruhusa ya wazi kwamba asiyetaka kuangalia anaweza kubaki kwenye mikuki, marungu na bunduki. Simu zikae mfukoni mpaka mhifadhi aseme picha zinaruhusiwa wapi.

Na waje na historia yake kichwani, maana swali la kwanza huwa ni hilo: kwa nini kichwa kipo Kalenga na mwili upo Mlambalasi? Mkwawa alijipiga risasi tarehe 19 Julai 1898 ili asikamatwe. Wajerumani walimkata kichwa, na fuvu likaishia Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 246, uliitaka Ujerumani ikabidhi fuvu hilo ndani ya miezi sita. Halikuja. Lilirudi mwaka 1954, baada ya Gavana wa Tanganyika, Edward Twining, kwenda mwenyewe Bremen na kulichagua miongoni mwa mafuvu mengi yaliyokuwa kwenye makumbusho ya huko. Akalikabidhi kwa Chifu Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge. Namna lilivyochaguliwa, kwa vipimo na tundu la risasi, imezua mjadala kama kweli ni lenyewe. Msiwafiche watoto mjadala huo. Ni nafasi adimu ya kuwaonyesha kwamba mwanahistoria haishii kwenye "tuliambiwa".

ramani_na_futi

Nijibu swali la pili, ndilo lenye nyama.

Kuigiza vita: usifanye. Wape watoto 84 fimbo na uwaambie "ninyi Wahehe, ninyi Wajerumani", baada ya dakika mbili una jicho lililochomwa na somo limekwisha. Hata wasipoumizana, igizo halijibu swali lenyewe: jeshi lenye mizinga na bombomu (bunduki za rashasha) lilishindwaje na watu ambao wengi wao walikuwa na mikuki, na likashindwa ndani ya dakika chache?

Hilo linajibiwa kwa kupima. Na vipimo vifanyikie uwanjani shuleni siku moja kabla, si Lugalo. Pale barabara ni kuu, malori ya Tunduma hayapunguzi mwendo kwa ajili ya somo la historia.

Kipimo cha kwanza, urefu wa msafara. Emil von Zelewski, kamanda wa msafara wa Wajerumani aliyepewa jina la Nyundo, alikuwa na Wazungu 13 akiwamo yeye, askari kama 320 na wapagazi kama 170. Jumla 503, wakitembea kwenye njia nyembamba, mmoja nyuma ya mwingine. Wapangeni wanafunzi 84 hivyo hivyo, kila mmoja mita moja na nusu kutoka kwa aliye mbele yake. Pimeni kwa utepe wa mita 50: mtapata kama mita 126. Zidisha kwa sita na una zaidi ya mita 750 za watu, bila punda. Sasa wa mbele anong'one "andaa bunduki" kwa wa nyuma yake, na neno lipite hadi wa mwisho. Mwanafunzi mwenye saa arekodi sekunde. Zidisheni nazo kwa sita. Hapo watoto wataelewa bila kuhubiriwa kwamba wa mbele angeweza kuwa amekufa kabla wa nyuma hajajua kuna nini. Pia angalia neno lenyewe limefika likiwa neno gani, mara nyingi huwa limeshageuka.

Kipimo cha pili, hatua 30. Ndio umbali unaotajwa kati ya njia na Wahehe waliokuwa wamejificha kwenye mawe na vichaka. Kwa mtoto wa kidato cha pili hatua 30 ni kama mita 21 au 22. Mwanafunzi mmoja awe askari: fimbo begani, kipande cha chaki ndani ya mfuko uliofungwa kifungo. Ukipuliza filimbi ashushe fimbo, afungue mfuko, atoe chaki, aiguse kwenye fimbo, ainue na kulenga. Hiyo ndiyo bunduki ya risasi moja moja. Wakati huo huo mwingine anakimbia zile mita 22. Mkimbiaji apite pembeni ya "askari" kwa mita tatu, asimwelekee. Rudieni mara tano na wanafunzi tofauti, andikeni sekunde za kila mmoja. Mkimbiaji huhitaji kama sekunde nne au tano. Askari akibahatika kuwahi, mwambie apakie ya pili.

Mizinga na bombomu sasa: vilikuwa vimefungwa kwenye punda. Hakuna haja ya kipimo hapo, waulize tu itachukua muda gani kumfungua punda aliyeshtuka.

Siku ya ziara yenyewe, Lugalo wanakuja kuangalia ardhi wakiwa na namba zao mkononi. Wasimame, kila kundi lichore mchoro wa eneo kwenye karatasi ya A4: kaskazini, barabara, miteremko, mawe, vichaka. Halafu waweke alama ya mahali ambapo wao wangewaficha watu, na waandike kwa nini. Dakika 30. Waambieni wazi kwamba barabara ya lami na mashamba ni vya leo, na wasikanyage mazao ya watu kutafuta "pembe nzuri". Mwezi wa ziara pia una maana: mapigano yalikuwa tarehe 17 Agosti 1891, kiangazi. Ukienda Agosti au Septemba unaona eneo likiwa karibu na lilivyokuwa. Ukienda Machi unaona majani tu.

Baada ya mchoro, mnara. Ulijengwa kuwakumbuka Wajerumani waliouawa. Waliokufa upande wa msafara ni Wazungu 10, askari kama 250 na wapagazi kama 96. Waandike majibu mawili: nani amejengewa mnara hapa, na nani hakujengewa? Wengi wataandika "Wahehe" na kuishia hapo. Wasukume kidogo: na wapagazi 96 je? Askari wengine walikuwa Wasudani na wengine walitolewa Msumbiji, nao wamelala huko huko.

mwl_historia_mafinga

Nashukuru. Isimila na Mlambalasi nimeshafuta. Igizo pia limefutwa, mwenzangu amenuna lakini atapoa. Hizo takwimu za waliokufa zinatoka wapi? Wanafunzi watauliza.

ramani_na_futi

Sehemu kubwa zinatoka kwa Luteni Tettenborn, Mjerumani ambaye alinusurika kwa sababu alikuwa nyuma ya msafara. Alikusanya mabaki ya watu wake na ripoti yake ndiyo imebeba habari nyingi za siku ile. Ukiwa na kile kipimo cha kwanza, swali la uchambuzi wa chanzo linajitunga lenyewe: mtu aliyekuwa mkia wa msafara wa karibu kilomita moja aliona nini cha kilichotokea mbele? Upande wa Wahehe tuna simulizi za mdomo. Wape aya fupi ya kila upande, wapige mstari chini ya mambo yanayokubaliana.

Jambo moja la ziada. Andika kwenye ubao tarehe tatu na uzirudie kila mnaposimama: Lugalo 17 Agosti 1891, kuanguka kwa Kalenga (ngome ya Mkwawa) 30 Oktoba 1894, kifo cha Mkwawa 19 Julai 1898. Kosa la kawaida kwenye karatasi za mitihani ni kuvifanya vyote vitatu tukio moja, eti Mkwawa alishinda Lugalo kisha akajiua. Katikati kuna miaka saba, na minne ya mwisho ni vita vya msituni. Tom von Prince, afisa wa Kijerumani aliyekuwa kwenye shambulio la Kalenga, ndiye huyo huyo aliyekuja kuuawa Tanga Novemba 1914, mkitaka kuunganisha na mada ya Vita Kuu ya Kwanza.

Na kuna watakaodhani Lugalo ni ile ya Dar. Ile ni kambi na hospitali ya jeshi, zimepewa jina tu.

nesi_wa_shule

Yanayosahaulika, kwa haraka.

Maji lita moja na nusu kwa kila mtu. Kwa watu 91 ni lita 136.5, yaani madumu saba ya lita 20, na kila mwanafunzi na chupa yake. Iringa iko juu, kama mita 1,600, asubuhi kuna baridi na watoto hawasikii kiu, kisha saa sita jua linawapiga na kichwa kinawauma. Waambieni wanywe Lugalo, wasisubiri Kalenga. Sweta asubuhi, kofia mchana. Viatu vya kufunika vidole, miiba ya kiangazi haina huruma na kandambili.

Sanduku la huduma ya kwanza moja kwa kila gari, si moja kwa msafara wote: glovu, bandeji, plasta, chachi, ORS, taulo za kike, mifuko ya kutapikia. Mwenye pumu abebe dawa yake mwenyewe mkononi, isiwe kwenye begi lililopakiwa chini ya viti. Fomu ya mzazi iwe na namba mbili za simu, ugonjwa au mzio alionao mtoto, na sahihi. Fomu hizo zisafiri na mwalimu wa gari husika, zikibaki ofisini hazina kazi. Barua ya ruhusa ipite kwa Afisa Elimu Sekondari mapema.

Kuhesabu: wakati wa kupanda, wakati wa kushuka, na kabla gari halijawashwa. Kila mwalimu anahesabu 12 wake na kutaja kwa sauti. Kuhesabu 84 kwa mkupuo kila mara hutoa 83 au 85. Lugalo, kama mnara upo ng'ambo ya mlipo, gari liende mbele ligeuze na lirudi kushusha upande wa mnara. Wanafunzi wasivuke barabara kabisa. Walimu wawili wavae fulana za kuakisi mwanga, mmoja kila mwisho wa kundi.

mwl_historia_mafinga

Swali la mwisho. Tukipata siku ya pili kwa wanafunzi 20 wa klabu ya historia, Mlambalasi kuna la kufanya kwa muda wa saa ngapi?

Bibi_Makumbusho

Kwa 20 inafaa sana, tenga saa mbili. Mbali na kaburi kuna pango la mwamba ambalo wanaakiolojia wamechimba, na kumepatikana mabaki ya binadamu wa Zama za Mawe na shanga za maganda ya mayai ya mbuni. Kwa hiyo sheria ni moja, na isemwe ndani ya gari kabla ya kushuka: hakuna anayeokota jiwe, gae wala shanga. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu hivyo, na jiwe likishatoka mahali pake halimwambii mtafiti chochote tena. Akiona kitu aite mwalimu, wapige picha hapo hapo kilipo huku kalamu ikiwa pembeni kuonyesha ukubwa, na wakiache. Pitieni Kalenga kwanza mumchukue mwongozaji, msiende wenyewe.